Golikipa Aliyeomba Kusikilizwa

Shemdoe alikuwa golikipa wa akiba, na hata mama yake alikiri kwamba benchi lilimfaa kuliko goli. Wenzake walimchagua katibu wa chama cha wachezaji kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na nafasi siku za mechi.

Mwenye timu, tajiri Lukindo, akakipiga marufuku chama. Wakafika mahakama ya kazi. Wakili wa tajiri akaandika kurasa arobaini kwamba wachezaji si wafanyakazi, ni wageni wanaokuja kujifurahisha, na wageni hawaundi chama. Akataka hakimu aamue kwa maandishi hayo tu.

Shemdoe akaomba kusikilizwa kwa mdomo. “Mheshimiwa, mwandiko wangu na udakaji wangu ni ndugu wa tumbo moja. Nipe dakika tano, na Bwana Lukindo awepo.”

Akapewa. Siku ilipofika, akasimama kwa unyenyekevu.

“Mheshimiwa, nimeyakubali maandishi ya wakili. Sisi ni wageni. Mimi nimejifurahisha miaka sita, pamoja na mabao yote yale niliyofungwa. Sasa Jumamosi shangazi yangu anaozesha Lushoto, na timu nzima imealikwa. Mgeni akiaga hazuiwi, nasi tunaaga.”

Jumamosi ilikuwa fainali. Lukindo akaruka kitini.

“Haendi mtu! Mimi ndiye niliyewaajiri, na asiyefika uwanjani hana kazi!”

Wakili alimvuta koti, lakini hakimu alikuwa ameshaandika.

Shemdoe akaketi. “Sina la kuongeza, Mheshimiwa. Huo ndio mpira wangu wa kwanza kudaka msimu huu.”