Dawa ya Jirani

"Dawa ya jirani, tumbo ni lako." Mmeisikia leo harusini, mkacheka kwa sababu wakubwa walicheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Kaeni. Na wewe unayejifanya unachambua mchele, sogea, maana hasa inakuhusu wewe. Methali hii ilizaliwa hapa hapa Kilosa, kwenye duka la dawa, na ilianza namna hii.

Palikuwa na mama mmoja, Sikudhani, mpika chakula pale stesheni. Kwa wali wake mtu alishuka treni akasahau safari. Watoto wake wawili wa mwisho walitolewa kwa kisu, na daktari alimwambia waziwazi: "Mama, mshono huu haujapona sawasawa. Ukibeba mimba mapema, utapasuka." Sikudhani akaogopa, akaamua kupanga uzazi.

Sasa, mjini petu palikuwa na adabu yake. Hakuna mwanamke aliyenunua vidonge vya uzazi kwa ajili yake. Kila mmoja alitumwa na jirani. Mfamasia, Bwana Mkude, aliijua adabu hiyo na aliicheza vizuri.

"Jirani yako hajambo?"

"Hajambo, baba. Kanituma zile zake."

"Mwambie asiruke hata siku moja."

"Atasikia. Mkaidi kidogo, lakini atasikia."

Wanacheka, mambo yanakwenda. Mpaka Sikudhani alipoanza kukohoa. Akaenda hospitali ya mbali, asikojulikana, akaambiwa ni kifua kikuu, akapewa dawa. Huko nako aliulizwa kama anatumia chochote cha uzazi. Akajibu mumewe yuko safarini, na mume mwenyewe yuko nje ya geti anamngoja na baiskeli! Moyoni alikuwa na hofu moja tu: nani atakula wali wa mpishi mwenye kifua?

Vidonge vya uzazi vilipomwishia, akarudi dirishani kwa Mkude. Nyuma yake wamesimama wapagazi wa stesheni, wateja wake wa kila mchana.

"Jirani kanituma."

Mkude akamtazama. Mama wa watu alikuwa amekonda. "Nikuulize. Huyo jirani anatumia dawa nyingine yoyote siku hizi?"

Wapagazi masikio yakawasimama.

"Jirani yangu? Mzima kama chuma cha reli!"

"Una hakika? Maana ziko dawa ambazo..."

"We Mkude, unamtaka huyo jirani, au? Nipe nikampe, wali wangu unaungua!"

Watu wakaangua kicheko. Mkude naye akacheka, akampa. Angeweza kumwita pembeni, lakini adabu ilimzuia: utamwitaje mtu pembeni kwa habari za jirani yake?

Sikudhani alimeza kila siku bila kuruka, na tumbo likaja vilevile. Mshono ukapasuka kabla mimba haijatimia. Madaktari waliwahi kumwokoa mama, ila kizazi kilitolewa. Mtoto, wa kike, alizikwa kabla mama yake hajazinduka.

Alipopata nguvu za kutembea, alikwenda moja kwa moja duka la dawa.

"Mkude, umeniuzia vidonge vibovu."

"Vilikuwa vizima, mama. Jirani yako alikuwa anameza nini kingine?"

"Hakuna jirani." Akaketi kwenye benchi. "Ni mimi. Nilikuwa natumia dawa ya kifua."

Mkude akashika kichwa. "Dawa ile inavunja nguvu ya vidonge hivi. Ungeniambia, ningekupeleka kwa nesi akuwekee kitanzi cha kuzuia mimba, na hakuna mtu angejua unaumwa nini."

"Ungeniuliza mimi," Sikudhani akasema. "Ulimuuliza jirani."



Na wateja? Habari zilipoenea, hakuna aliyemkimbia. Wapagazi wale wale walimpelekea maziwa mgonjwa wao, wakamlaumu kwa nini alificha. Aliyapokea maziwa, akalia, maana kumbe alichokiogopa hakikuwapo.

Tangu siku ile, mwanamke akifika dirishani akasema katumwa, Mkude humfungulia mlango, humketisha ndani, hufunga, ndipo humwambia taratibu, na macho yake hayachezi: "Sawa, mama, tutamsaidia. Lakini kwanza nieleze yako wewe. Dawa ya jirani, tumbo ni lako."