Panzi Aliyevunja Mwiko wa Vyungu

Sogeeni. Mnaofinyanga endeleeni kufinyanga, masikio hayashiki udongo. Zamani hizo yule panzi wa uwanja mkavu, arukaye kwa kutatarika, hakuwa na rangi yoyote. Alikuwa mweupe mzima kama ganda la kitunguu, na wafinyanzi walimfukuza kwa fagio. Siku ya kuchoma vyungu ilikuwa mwiko mtu kutoa sauti. Neno moja tu, walisema, na vyungu vyote vinapasuka. Sasa huyu bwana kelele, nani angemtaka?

Palikuwa na mfinyanzi aitwaye Nyanzobe. Alikaa kwenye ndoa miaka na miaka bila mtoto, akachekwa mpaka na vibogoyo. Mungu si Athumani, akampata Kabula. Mtoto huyo alipendwa, acheni tu!

Siku moja Nyanzobe alimwacha Kabula kwa jirani, akapanga vyungu vyake uwanjani, akavifunika kwa nyasi na samadi kavu. Kisha akaenda jikoni kuchukua kijinga cha moto. Nyuma yake mtoto akatoroka, akaja kumtafuta mama, akakuta chungu kikubwa cha kuwekea mtama kimelazwa, ndani kivuli kitupu. Akajipenyeza humo, akalala. Jirani alimtafuta huku na huku kimyakimya, maana nani angethubutu kuita?

Nyanzobe akarudi na moto wake. Alipoinama tu kuwasha, tatatata! Panzi akachomoka nyasini, akampita puani. Mama akachemka kwa hasira. Akamfukuza kwa upindo wa nguo. Panzi akazunguka, akatua mdomoni mwa kile chungu kikubwa. Akamfukuza tena, akarudi pale pale. "Leo nitakukomesha," akasema moyoni, akafunua nyasi ampige vizuri. Ndipo akaona kisigino cha mtoto.

"Kabula! Mwanangu! Kabula!"

Mwiko ukavunjika, ukasikika mpaka ng'ambo ya mto.

Alipokwisha kumtoa mtoto na kulia, alimchukua panzi kiganjani. "Mdogo wangu, mimi nakufukuza, wewe unanifaa. Nikupe nini?" Alichokuwa nacho ni rangi zake za kupambia. Akampaka ngeu nyekundu mbawa za ndani, kisha kwa kidole chenye masizi akamchorea utepe mweusi, kama apambavyo mtungi wa harusi.

Panzi akafurahi, halafu akanywea. "Dada, pambo zuri, ila ndege wataniona."

Nyanzobe akacheka, machozi yakiwa bado mashavuni, akampaka mgongoni udongo wa pale pale chini. "Hili vazi la kazi, kaa nalo. Lile la harusi lifunue ukiruka."

Vyungu vilichomwa jioni ile huku watu wakiongea na kuimba, na hakikupasuka hata kimoja.

Na tangu siku hiyo, panzi huyo akitua humtofautishi na udongo; akiruka, wekundu unawaka na utepe wake mweusi, naye anatatarika. Watoto wetu hawamli. Na mfinyanzi wa hapa hawashi moto kabla hajawaita watoto wote kwa majina, akawasikia wakiitika.

Kabula yule ndiye aliyemzaa bibi wa bibi yangu. Kwa hiyo mkimsikia panzi njiani, msione haya, mwambieni asante. Ukoo huu wote ulikuwa umelala ndani ya chungu kile.