Siku Kiboko Alipokuwa Hayupo

Paukwa!

— Pakawa!

Sikusikia. Waliokaa nyuma wamelala?

— Macho! Pakawa!

Palikuwa na bwawa.

— La nani?

Swali zuri. Hata wenyewe walikuwa hawajaelewana. Sikilizeni.

Bwawa lile lilikuwa na mlango mmoja, kati ya miamba miwili, na mlinzi wa mlango alikuwa Kiboko. Alichaguliwa mwaka wa mvua nyingi, wakati hakuna aliyejali nani analinda maji. Kisha ukaja ukame, na Kiboko akaanza kulala mlangoni. Swala akija, Kiboko anafunua mdomo: mbwooo! Swala anarudi. Nguchiro akija, mbwooo! Nguchiro anarudi. Kanga akija, hata hajafika, mbwooo! Wanyama wadogo wakachoka, wakahamia milimani kulamba umande kwenye majani.

Sange naye alihama. Sange ni mdogo kuliko panya buku, na pua yake ni ndefu kama mrija. Pua ile haitulii, inanusa hiki, inanusa kile. Mwenye pua naye hatulii, anauliza hiki, anauliza kile. Mke wake alijifungua huko milimani, na umande haukumtosha kupata maziwa. Watoto walikuwa wakinyonya, wakilia, wakinyonya tena.

"Baba Watoto," mke akamwambia, "nasikia wanaandikisha wapiga kura. Bi Korongo anagombea ulinzi. Amesema akishinda, mlango utakuwa wazi kwa kila mwenye kiu."

"Utaweza kushuka kupiga kura?"

"Na hawa nimwachie nani, mwewe?"

"Basi ngoja nikaulize," akasema Sange. Akashuka mlima, tipi tipi tipi tipi.

Bwawani alimkuta Kakakuona, msimamizi wa uchaguzi. Kakakuona alipewa kazi ile kwa sababu hana haraka, na sheria akishaitamka haimtoki kichwani. Alikuwa na shida moja tu. Ukimpigia kelele anajikunja kuwa mpira, krrr, na kazi inasimama mpaka ajikunjue mwenyewe.

Kujiandikisha kulikuwa hivi. Unakanyaga udongo wa mfinyanzi uliolowa, pwacha. Kakakuona anauanika juani mpaka wayo wako ukauke. Siku ya kura unaleta mguu, unalinganishwa na wayo, ukifanana unachagua mbegu. Ya ukwaju ni ya Kiboko, ya boga ni ya Bi Korongo. Unaitumbukiza mtungini, unakwenda zako.

Sange akakanyaga. Wayo ukatoka kama punje ya mtama.

"Hiyo nayo ni kura?" Kiboko akacheka mpaka maji yakatoa mapovu. "Hiyo si ni alama ya mvua!"

"Wayo ni wayo," akasema Kakakuona.

"Naomba kuuliza tu," akasema Sange. "Walio milimani, wenye watoto wachanga na wagonjwa, watapigaje kura?"

"Hawapigi!" akajibu Kiboko. "Asiyekuwepo hayupo. Mbwooo!"

Krrr! Kakakuona akajikunja. Wakangoja. Kivuli cha mwamba kikahama upande. Kakakuona akajikunjua, akafuta vumbi, akauliza walikuwa wamefikia wapi.

"Naomba kuuliza tu, Mzee Kiboko," akasema Sange. "Kule kwenye mto mkubwa, una ndugu wangapi?"

"Hawahesabiki."

"Na walizaliwa wapi?"

"Hapa hapa. Kwa nini?"

"Hamna, Mzee. Nilikuwa nafikiria tu kura zinazopotea."

Masikio ya Kiboko yakapiga maji, pa, pa. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya upole ambao bwawa zima halijawahi kuusikia.

"Bwana Msimamizi, nimetafakari. Ni dhuluma kumnyima mtu kura yake eti kwa sababu yuko mbali."

Kakakuona akafikiri kwa muda wake. Kisha akatamka sheria. Aliye mbali ataweka mbegu yake ndani ya donge la udongo, atalikanyaga mwenyewe, na donge litaletwa kikapuni. Wayo ulio juu ya donge ndio utakaomtambulisha. Wayo mmoja, mpiga kura mmoja.

"Naomba kuuliza tu," akasema Sange. "Aliyetuma donge, halafu siku ya kura akaonekana hapa bwawani, je?"

"Kura ya mbali ni ya aliye mbali," akasema Kakakuona. "Akionekana hapa kabla ya kura kuhesabiwa, donge lake linavunjwa na mbegu inatupwa. Na hapigi tena, maana alishapiga."

"Sawa sawa," akasema Kiboko. Hakuwa akisikiliza. Alikuwa anauangalia udongo.

Sange alipanda mlima akisukuma udongo kwa pua. Mke wake akaweka mbegu ya boga, akakanyaga, pwacha. Nungunungu aliyekuwa na kidonda mguuni akakanyaga kwa mguu mzima. Kanga aliyekuwa akiatamia mayai aliletewa donge kiotoni, akakanyaga bila kuinuka. Sange akayashusha madonge yote mpaka kikapuni, akayakabidhi kwa Kakakuona, pwacha na pwacha yake.

Kwenye ukingo wa bwawa alimkuta Kiboko yuko kazini. Anaweka mbegu ya ukwaju, anafinyanga donge, analigusa kwa ncha ya mguu ili lisipondeke. Pwacha. Anafinyanga jingine. Pwacha. Rundo lilikuwa limemzidi Sange kimo, ingawa kumzidi Sange kimo si kazi.

"Shikamoo, Mzee. Naomba kuuliza tu. Ndugu zako wameshafika?"

"Wamenituma. Mto mkubwa ni mbali."

"Na nyayo zao?"

"Ukoo mmoja, mguu mmoja! Una jingine?"

"Sina, Mzee. Nimeshiba majibu."

Sange akaondoka, pua ikicheza. Angeweza kumshtaki palepale. Lakini Kiboko angenguruma, Kakakuona angejikunja, na kesho yake mlango ungekuwa vilevile. Akaona heri asubiri siku yenyewe, aone Kiboko atasimama upande upi wa sheria.

Siku ya kura ikafika. Wanyama walijipanga tangu alfajiri, na mbele ya mstari walikuta kile walichokitegemea. Kiboko amelala mlangoni, kichwa kwenye mwamba huu, makalio kwenye mwamba ule. Mtungi uko ndani, wapiga kura wako nje.

"Tutapitaje?" akanong'ona Swala.

"Mtapita akipenda," akasema Nyani, "na hapendi."

Kazi ya kwanza ya Kakakuona asubuhi ile ilikuwa kukagua madonge. Aliketi nje na kikapu chake, akatoa donge, akalilinganisha.

"Huu ni wayo wa Mzee Kiboko," akasema. Akatoa jingine. "Na huu ni wa Mzee Kiboko." Akatoa jingine. "Na huu."

"Naomba kuuliza tu," akasema Sange, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa mstari. "Kwa hiyo Mzee Kiboko amepiga kura ya mbali?"

"Amepiga."

"Kwa hiyo yuko wapi?"

"Mbali," akasema Kakakuona. Sheria aliitamka mwenyewe.

"Na huyu aliyelala mlangoni ni nani?"

Mstari mzima ukageuka. Kakakuona akaangalia mlangoni kwa muda mrefu.

"Akiwa ni Mzee Kiboko," akasema, "navunja madonge yake yote sasa hivi. Akiwa siye, madonge yanakaa kikapuni yakisubiri kuhesabiwa."

Kiboko alikuwa ameshafunua mdomo. Mbwo... Akalifikiria lile rundo alilofinyanga mpaka kiuno kikamuuma. Mdomo ukajifunga, kop. Macho yakajifumba. Mkia ukalala.

Sange akamsogelea, akamnusa.

"Ni jiwe," akasema.

"Jiwe halimzuii mpiga kura," akasema Kakakuona. "Piteni juu."

Wakapita. Swala akaruka. Kobe akapandishwa kwa kusukumwa. Nguchiro akapita na shangazi zake wote.

"Mbona jiwe lina joto?" akauliza mmoja wa shangazi.

"Jua, shangazi."

"Mbona linapumua?"

"Mawe ya siku hizi, shangazi. Kanyaga twende."

Nyani alipofika kichwani alisimama, akajikuna kwa raha, akasema jiwe hili lingefaa kuota jua kila siku. Kiboko akasaga meno. Lakini moyoni alihesabu ukwaju wake, akatulia.

Jioni mtungi ukamwagwa. Mbegu za ukwaju zilikuwa chache na za boga zilikuwa nyingi. Jiwe la mlangoni likafumbua jicho moja. Halikushtuka, lilikuwa linangoja kikapu.

Kakakuona akavunja madonge ya milimani. Wayo wa nungunungu, boga. Wayo wa kanga, boga. Pua ya Sange ikaacha kucheza. Wayo wa mke wake, boga. Pua ikaendelea.

Kisha akasukuma mbele rundo la Kiboko.

"Haya yote yana wayo mmoja," akasema. "Wayo mmoja, mpiga kura mmoja." Akachagua donge la juu, akalivunja. "Ukwaju, kura moja." Mengine akayarudisha kwenye udongo. "Bi Korongo ameshinda."

"Mbwoooo!" Jiwe likainuka. "Haiwezekani! Mimi ni Kiboko! Ni mimi!"

Krrr. Kakakuona akajikunja, kila mtu akangoja, na Kiboko naye ikabidi angoje. Kakakuona alipojikunjua, akamtazama Kiboko kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana.

"Ooh, Mzee Kiboko! Karibu nyumbani. Umerudi lini?"

Kiboko akafunua mdomo. Akisema alikuwepo tangu asubuhi, hata ile kura moja itavunjwa, na atakuwa mgombea asiyejipigia hata mwenyewe. Akaangalia wapiga kura. Wapiga kura wakamwangalia.

"Sasa hivi," akasema. "Nimefika sasa hivi."

"Pole na safari. Mstari wa maji unaanzia kule nyuma."

Kiboko akaenda nyuma. Mbele yake alikuta mama mmoja mwenye pua ndefu, amebeba watoto wachanga, ameshuka kutoka milimani mara tu aliposikia matokeo. Mama yule alikunywa taratibu sana. Kiboko akangoja.

Haya, ngano hii inatufundisha nini?

— Tuambie!

Inatufundisha kwamba kuuliza uliza ni tabia mbaya. Sange angefunga mdomo wake, bwawa lingekuwa na utulivu mpaka leo. Kwa hiyo, watoto, mkisomewa sheria itikieni "sawa sawa" na muangalie pembeni. Na siku ya kura laleni. Lakini msilale mlangoni.

Ngano imekwisha. Iliyowafaa ibebeni. Isiyowafaa iacheni hapo jikoni, nitaizoa asubuhi pamoja na majivu.