Gauni Linalojulikana

Tuseme kulikuwa na binti mmoja, mwimbaji wa kwaya kama hawa mnaowaona hapa mbele. Msinitazame hivyo, sijamtaja mtu. Binti huyu alikuwa na hofu moja iliyomkosesha raha: kurudia nguo. Kila sherehe aliagiza gauni jipya kwenye simu, la bei ya kutupa kweli kweli, maana likishapigwa picha liliingia kwenye gunia la kutupwa.

Ikafika harusi ya rafiki yake wa tangu utoto. Asubuhi akavaa gauni jipya. Kuinua mkono tu achane nywele, mshono ukaachia kutoka kwapani mpaka kiunoni. Akatafuta pa kushona. Ndani hakikuachwa kitambaa hata cha kushika uzi. Afanyeje? Akachomoa guniani gauni la kijani aliloshonewa na fundi wa mtaani zamani. Lilikuwa zima, lakini picha zake walishaziona wote.

"Mama, watasema nimerudia," akanung'unika, machozi yakimlengalenga.

Mama akamwambia watu wanakwenda kumtazama bibi harusi, si yeye. Haikumwingia. Akajitanda mtandio mzito, na joto lile, akajibanza pembeni ukumbini. Kila aliyecheka, alidhani anachekwa yeye. Hamjawahi kukaa hivyo, vijana?

Mara bibi harusi akainuka mezani pake, akamjia moja kwa moja. Binti alitamani ardhi ipasuke immeze. Mtandio ukavutwa.

"Gauni hili nalijua," bibi harusi akasema.

Jamani, maneno yale yale aliyoyaogopa!

"Siku tulipomzika mama yangu, nililia kwenye bega hili mpaka likalowa. Tangu asubuhi namkumbuka mama. Hebu niegemee tena kidogo."

Ndugu zangu, sisi tunaogopa nguo zetu zisije zikajulikana. Kifungo kikikatika, hatutafuti sindano. Kuazimana na ndugu tunaona haya, kumpelekea fundi apunguze au aongeze tunaona ni ushamba. Tunakimbilia gauni jipya, ambalo halikuwahi kukaa nasi msibani wala kwenye furaha. Basi leo mkirudi nyumbani, kabla hamjalifunga lile gunia, jiulizeni: humo ndani tumetupa bega gani, ambalo mtu bado analitafuta aegemee?