Kiboko wa Rangi na Kindi wa Maneno

Nani alimpa Kiboko peke yake nywila, lile neno la siri la kufungulia tovuti? Kindi aliuliza hivyo mkutanoni, mbele ya wanyama wote. Kila mmoja akatazama kwato zake. Basi leo nauliza mimi.

Nawatupia hadithi!
*Tupa, tudake!*
Ina miiba!
*Tupa hivyo hivyo!*

Hapo kale, wala si kale sana, pori letu lilikuwa na bwawa moja na tovuti moja. Wanyama wakaapa, Kiboko akiongoza kiapo: neno la tovuti ndilo sheria ya bwawa. Nywila akakaa nayo Kiboko. Sababu? Ana shingo nene!

Kila asubuhi akachapa, ta-ta-ta: BWAWA LIMEFUNGWA. Wanyama wakasoma, wakarudi na kiu. Yeye akajitosa, chubwi! Peke yake.

Watoto wa Kindi wakalamba umande mpaka midomo ikapasuka. Kindi akamwendea.

"Shikamoo, mzee Kiboko."

"Marahaba. Limefungwa."

"Sikufuata maji, nimeona aibu. Mkubwa mzima unachapa mwenyewe kama karani?"

"Nifanyeje sasa?"

"Tovuti ina vyumba viwili, mzee. Chumba cha maneno, huko ni kuchapa na kuchoka. Na chumba cha sura: rangi, herufi nene, picha kubwa juu kabisa."

"Picha ya nani?"

"Ya nani tena?"

Kiboko akacheka, meno yote nje. Akajipa chumba cha sura. Cha maneno akamwachia Kindi, na nywila yake.

Kindi akabadilisha nywila. Kisha ta-ta-ta: BWAWA LIKO WAZI KWA WOTE. Akachapisha, tii!

Wanyama wakamiminika, chubwi, chubwi, chubwi!

"Futa!" Kiboko akanguruma.

"Futa wewe, mzee. Si una rangi zote?"

Akapaka nyekundu: liko wazi. Akapaka kijani: liko wazi. Akanenepesha herufi: likasomeka mpaka ng'ambo ya mlima!

"Ni bwawa langu!"

"Neno la tovuti ndilo sheria. Uliapa wewe, tena kwa sauti kutushinda sote. Sogea, watoto wangu wanywe."

Akasogea.

Nimetupa, imetua, aliyechomwa asinitazame mimi. Na funzo lake: wadogo msiulize maswali mkutanoni. Waachieni wakubwa kila nywila, mfe kiu kwa adabu.

Nawe uliyekaa karibu na mtungi, naomba maji ya kunywa.