Moto Usiozimika wa Bi Mize

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale kwao! Palikuwa na mjane, Bi Mize, mcheshi kuliko wote kijijini. Kila asubuhi alifagia uwanja huku akiimba, akaenda kisimani kucheka na wenzake, kisha akapita kwa jirani yake, Bi Kidawa, kuomba kaa la moto, na hatoki huko bila soga.

Zimwi lilimtamani, lakini likaogopa: asipoonekana asubuhi moja tu, watu watamtafuta. Likajigeuza bibi kizee. "Mwanangu, unajichosha bure."

Mwezi wa kwanza likampa ufagio unaofagia wenyewe; wimbo ukakoma. Mwezi wa pili, mtungi unaojaa wenyewe, kisima akakisahau. Mwezi wa tatu, moto usiozimika. Kwa Kidawa hakwenda tena. Akawa wa kukaa kitako ndani, moyo mzito, hajui anaumwa nini.

Mwezi wa nne zimwi likaingia bila hodi. Likamla, hata kucha halikubakisha.

Wenzake wakauliza, "Mbona Mize haonekani?"

Bi Kidawa akachungulia uani. "Mzima yule. Uwanja umefagiwa, mtungi umejaa, na moshi ule unafuka."

Unafuka hadi leo, wanangu, na hakuna aliyekwenda kupiga hodi.