Neno Moja la Bi Mashavu

Palikuwa na sultani aliyependa usingizi wa mchana kuliko alivyowapenda watu wake, na watu wake alidai anawapenda sana. Sultani Fumo Mwengo huyo. Akila pilau yake, akijinyoosha, mji mzima unyamaze. Sasa karibu na jumba lake palikuwa na tanuri la chokaa, na wafanyakazi wa tanuri walikuwa wakikohoa kutwa kucha. Siku moja akatoa amri: atakayekohoa karibu na jumba amevunja amani, na afungwe mpaka aache kukohoa.

Wa kwanza kukamatwa alikuwa Badi, mchoma chokaa. Na chumba cha kufungia, jamani, kilikuwa chini ya ghala la chokaa. Aache kukohoa lini, mtu wa watu? Siku ya nne alianza kutema damu.

Badi alikuwa na dada, Bi Mashavu, mchekecha chokaa, mwanamke mfupi mwenye mdomo mrefu. Wenzake wa tanurini wakamchagua awe mjumbe wao barazani. Sultani hakuweza kukataa, maana yeye mwenyewe alikuwa akijisifu kwa wageni kwamba baraza lake lina nafasi ya kila mtu. Akaweka sharti tu: mjumbe wa tanuri atasema neno moja kwa kila kikao. Waziri akacheka mpaka akashika kiuno. Mashavu, neno moja! Angekufa kabla ya adhuhuri.

Akaja na kaniki yake ya kazini, akaketi.

"Haya, mjumbe," akasema Sultani. "Watu wako wana nini?"

"Wanakohoa."

Waziri akaruka. "Seyyid, hayo ni maneno matatu! Kuna wao, kuna sasa hivi, kuna kukohoa. Na wala hajakwita Seyyid."

Karani, mzee asiyependa haraka, akatazama karatasi yake. "Nimeandika moja. Angemwita Seyyid yangekuwa mawili."

Sultani angenyamaza hapo, mambo yangekwisha. Lakini alikuwa mtu wa kupenda kujibiwa. "Wanakohoa kwa nini?"

Mashavu akamtazama karani.

"Seyyid akiuliza, mjumbe ana neno la kujibu," karani akasema.

"Chokaa."

"Uongo. Huyo Badi alikohoa nimeanza kusinzia tu. Kikohozi cha makusudi kile."

"Makusudi matupu," akasema waziri.

Sultani akamgeukia Mashavu. "Na wewe unashinda humo humo tanurini. Mbona hapa hukohoi?"

"Nimejizuia."

"Tangu saa ngapi?"

"Alfajiri."

Na kweli, ukimtazama vizuri, macho yalikuwa yamemtoka na machozi yanamlengalenga. Sultani akapiga goti lake. "Unanidanganya. Chokaa gani hiyo ya kumshinda mtu? Nionyeshe."

Bi Mashavu akasimama, akashika pindo mbili za kaniki, akaikung'uta mara moja.

Baraza likawa jeupe. Sultani akakohoa. Akakohoa tena, kilemba kikamwangukia miguuni. Waziri akakohoa akiwa ameinama chini ya kiti. Mashavu naye akaachia cha kwake cha tangu alfajiri, nacho kilikuwa kirefu. Mlangoni mkuu wa walinzi akabaki ameshika kamba, hajui pa kuanzia.

"Seyyid," akauliza, "nimfunge nani kwanza?"

"Mpumbavu wewe!" Sultani akafoka huku anafuta macho. "Nani kakusudia? Vumbi hili hakuna mwanadamu awezaye kulizuia!"

"Umehukumu," akasema Mashavu.

Karani alikuwa ameshaandika. Kinywa cha Sultani barazani ni sheria, na sheria haifutiki kwa kitambaa. Badi akatolewa shimoni siku hiyo hiyo, akiegemea bega la dada yake, mwembamba lakini hai. Mashavu alilia waziwazi mbele za watu, wala hakuona haya.

Lakini hakuondoka. Alimketisha Badi mlangoni, akarudi mahali pake.

"Nini tena?" Sultani akauliza. "Neno la mwisho, kisha unipishe nilale."

"Tupumue."

Sultani akacheka. Aliogopa ataombwa jumba, kumbe ameombwa pumzi. "Hilo tu? Wapumue. Wapumue wanavyotaka. Karani, andika, piga muhuri."

Muhuri ukapigwa. Ijumaa iliyofuata tanuri likalala baridi, moshi hakuna. Jumamosi waziri akaja mbio barazani, na nyuma yake akaletwa Bi Mashavu.

"Nani kakuruhusu kufunga tanuri langu jana?" akafoka Sultani.

"Wewe."

"Mimi? Mlikuwa mnafanya nini siku nzima?"

"Tumepumua."

Karani akakohoa kidogo, kwa ruhusa ya sheria mpya. "Kupumua ni kupumzika pia, Seyyid. Hata mimi nyumbani huwa nasema, mke wangu, niache nipumue."

"Na vitambaa vya ghala langu! Naambiwa mmevikata vipande vipande, kila mtu kajifunga puani. Na maji ya kisima changu mnanyunyizia chokaa kabla ya kuchekecha. Hiyo nayo ni nini?"

"Tunapumua."

"Nimekupa neno moja, mwanamke! Moja! Na Ijumaa ijayo?"

"Tutapumua."

Sultani akainuka. Uso ukamvimba, mishipa ikamtoka shingoni, akanyoosha kidole. "We... we... wewe..." Sauti ikamkwama kooni, haipandi wala haishuki. Waziri akampepea kwa mkia wa kilemba.

Bi Mashavu akamtazama kwa huruma kabisa.

"Pumua," akamwambia.